Kura ya Mji: Sheria za Kumchagua MCA Nyeri na Miji ya Mlima Kenya, Kabla Ufike Kwa Laini

Agosti 10, 2027, ukisimama kwa laini ya kura pale Nyeri, utapewa karatasi 6: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na MCA. Hakuna ata moja itakuwa imeandikwa meya. Ukitaka kuamua nani ataongea juu ya soko, parking, taka, taa za mtaa na stage ya mathree, karatasi yako ni ile ya MCA. Hiyo ndiyo kura ya mji, na ndiyo watu wengi huipiga kama wamechoka, wakifuata tu rangi ya chama.

Sheria zake si siri. Ziko kwa Katiba ya 2010, kwa Sheria ya Uchaguzi ya 2011 na kwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Shida ni kwamba wanaozijua sana ni wale wanataka kiti. Leo rada ni hii, kutoka kujiandikisha hadi kortini, ndio mhesh yeyote asikupange.

MEYA ALIENDA WAPI?

Zamani Nyeri ilikuwa na baraza la manispaa. Ulikuwa unachagua diwani wa wadi yako, halafu madiwani wanaenda kuketi na kuchagua meya kati yao. Wewe kama mkazi hukuwa na kura ya meya, uliwaachia hao. Kenya nzima kulikuwa na mabaraza 175 ya aina hiyo, ya miji na ya kaunti za zamani. Madiwani wa mwisho walichaguliwa Desemba 27, 2007.

Uchaguzi wa Machi 4, 2013 ndio ulifunga hiyo hadithi. Kaunti 47 zikaingia, mabaraza yakaisha, na viti vya MCA vikazaliwa: wadi 1,450 nchi nzima. Kaunti ya Nyeri ina wadi 30. Ndani ya eneo bunge la Nyeri Town kuna 5: Rware, Kamakwa/Mukaro, Ruring'u, Gatitu/Muruguru na Kiganjo/Mathari.

Majina yanaweza kukuchanganya. Kule Meru kuna wadi inaitwa Municipality, na Murang'a kuna wadi inaitwa Township. Lakini mtu anayechaguliwa huko haendi kwa baraza la mji. Anaenda bunge la kaunti, sawa tu na wa Rware ama wa Karatina Town.

NA HIYO BODI YA MANISPAA NI YA NANI?

Hapa ndipo wasee wengi hupotea. Nyeri bado ni manispaa. Meru, Embu, Nanyuki na Kerugoya-Kutus pia. Manispaa inasimamiwa na bodi chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Bodi ina watu 9, na hawapigiwi kura na wakazi.

Tangu sheria irekebishwe 2019, bodi inapangwa hivi: waziri wa kaunti anayehusika na miji ama mwakilishi wake, afisa mkuu wa idara hiyo, watu 3 wanaoteuliwa na gavana, na watu 4 wanaopendekezwa na vyama. Hao 4 wanatoka kwa vyama vya wataalamu, sekta ya biashara, jua kali na vyama vya wakazi wa mitaa. Wote 7 wa kuteuliwa lazima wapitishwe na bunge la kaunti. Mwenyekiti anachaguliwa na bodi yenyewe.

Soma hiyo ya kupitishwa tena. Wanaopitisha ni maMCA. Kwa hivyo ukichagua MCA ambaye analala kikaoni, umechagua pia bodi ambayo hakuna mtu aliiuliza maswali.

Na kama mko na kikundi cha mama mboga, mafundi ama watu wa boda ambacho kimesajiliwa, kuna mlango wenu hapo kwa kiti cha jua kali. Si kiti cha kupigiwa kura, lakini jina la kupendekezwa linatoka kwa vikundi kama vyenu. Kikundi ambacho hakijasajiliwa hakina pa kuanzia.

KAZI YA MCA NI GANI HASWA?

Kabla ya sheria za kura, jua unaajiri mtu wa kazi gani. Katiba inampa MCA kazi kubwa 3: kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha bajeti na kuchunga serikali ya gavana. Ada ya parking, leseni ya duka, ushuru wa soko, vyote vinapitia kwa sheria ya fedha ya kaunti, na hiyo inapigiwa kura na maMCA kila mwaka. Mama anayeuza nyanya Karatina analipa ushuru ambao kuna mtu aliinua mkono akaupitisha.

Kaunti inashughulikia soko, taka, barabara za kaunti, taa za mtaa, leseni za pombe, chekechea, vyuo vya ufundi vya mtaani, zahanati na hospitali za kaunti. Polisi, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu na ID ni vya serikali ya kitaifa. Basari ya NG-CDF ni ya upande wa mbunge.

Kwa hivyo mgombea wa MCA akisimama juu ya gari pale stage akuahidi kituo cha polisi na chuo kikuu, muulize tu swali moja: "Hiyo iko kwa kazi ya kaunti?" Akianza kuzunguka, umejua anakuchezea ama hajui kazi anaomba.

NANI ANAWEZA KUSIMAMA?

Sharti za MCA ni chache kuliko watu wanavyofikiria:

- Awe amesajiliwa kama mpiga kura.
- Awe raia wa Kenya kwa angalau miaka 10 kabla ya uchaguzi.
- Apendekezwe na chama, ama awe mgombea huru mwenye kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa kwa wadi hiyo.
- Asiwe mfanyakazi wa umma. Aliyekuwa na kazi ya serikali lazima ajiuzulu angalau miezi 6 kabla. MCA aliye kwa kiti hahitajiki kujiuzulu.
- Asiwe amefilisika kisheria, na asiwe anatumikia kifungo cha miezi 6 na zaidi.
- Asiwe amepatikana alitumia vibaya ofisi ya umma.

Digrii je? Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema sharti la digrii kwa MCA linakiuka Katiba, na 2022 watu walisimama bila. Umri? Ukiwa na 18 na umesajiliwa, umefika.

Ada ya IEBC kwa MCA 2022 ilikuwa shilingi 5,000. Kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu ilikuwa nusu, 2,500. Kijana kisheria ni aliyefika miaka 18 na hajafika 35. Usichanganye hiyo na ada ya chama, hiyo kila chama kinajipangia na mara nyingi ndiyo inauma.

Na usiambiwe vijana hawawezi. 2017, John Paul Mwirigi alishinda ubunge wa Igembe South, kule Meru, akiwa na miaka 23, mgombea huru, akizunguka kuomba kura kwa miguu. Mwaka huohuo Cynthia Muge alichukua wadi ya Kilibwoni, Nandi, akiwa na miaka 24, naye pia mgombea huru. Hawakuwa na magari ya maspika. Walikuwa wamejaza fomu zao vizuri na watu wanawajua.

MCHUJO: HAPA NDIPO KURA HUAMULIWA

Tuseme ukweli wa Mlima. Mara nyingi kuna chama kimoja kina upepo, na ukishinda tiketi yake, Agosti unamalizia tu. Kwa hivyo mchujo ni uchaguzi wa kwanza, na watu wengi hawaendi.

Mchujo ni shughuli ya chama, chini ya sheria za chama na za msajili wa vyama. Chama kinaweza kupiga kura, kutumia wajumbe ama njia ingine iliyo kwa katiba yake. Ukiwa na malalamiko unaanza na kamati ya chama, ikikataa unaenda Mahakama ya Migogoro ya Vyama vya Kisiasa. Hizo kesi zina muda mfupi sana, kwa hivyo mtu anayelalamika Facebook wiki mbili bila kuandika barua anajipotezea wakati.

Ujanja wa zamani wa kushindwa mchujo halafu kugeuka mgombea huru una kikomo. Katiba inasema mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi 3 kabla ya siku ya uchaguzi. Kama mchujo umefanywa ukiwa umebakisha muda mdogo, huyo mtu hana pa kwenda. Kama unajua chama hakikutaki, toka mapema.

KUJIANDIKISHA: BILA HII YOTE NI STORY

Unahitaji vitu 2: miaka 18, na ID halisi ama pasipoti. Unaenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako, ama kituo wakati wa usajili wa watu wengi. Usajili wa kuendelea ulifunguliwa tena Septemba 29, 2025. Hulipi ata shilingi.

Unapiga kura pale tu uliposajiliwa. Hii inawahusu sana wanafunzi wa Dedan Kimathi na vyuo vingine vya mlima. Ukijisajili Nyeri na Agosti 10 uko nyumbani Kisii kwa likizo, kura yako imelala. Jiulize kwanza Agosti utakuwa wapi. Ukihama, omba IEBC ikuhamishe kwa daftari. Usijisajili mara ya pili, hiyo ni kosa la jinai.

ID yako ni yako. Kila msimu kuna watu wanapita mtaani wakinunua ama "kuweka" ID za wasee wasiomtaka mgombea wao, ndio siku ikifika hao wasipige. Kumzuia mtu kupiga kura kwa kushika kitambulisho chake ni kosa, na anayekubali kuuza amejinyima kura ya karatasi 6, si moja.

Kabla ya uchaguzi IEBC hufungua daftari likaguliwe. Kagua jina lako, namba ya ID na kituo. Dakika 2 tu zinakuokoa kurudishwa kwa laini.

KAMPENI: NINI RUHUSA, NINI MARUFUKU

IEBC ndiyo hutangaza siku ya kampeni kuanza na kuisha. 2022 zilianza Mei 29 zikaisha Agosti 6, na kura ilikuwa Agosti 9. Kanuni inataka kampeni zisimame saa 48 kabla ya siku ya kura. Kwa siku, muda ni saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Gari la maspika likipita Majengo saa tatu usiku, limevunja sheria, ata kama wimbo ni moto.

Kila chama na kila mgombea anasaini kanuni ya maadili iliyo kwa Sheria ya Uchaguzi. Amekubali, kwa jina lake, kwamba:

- hatatumia fujo ama vitisho, wala kuvuruga mkutano wa mwenzake;
- hatang'oa ama kuchafua mabango ya wengine;
- hatasumbua wanahabari;
- hatazuia wanawake kugombea ama kuongea;
- atakubali matokeo ama aende kortini.

Akivunja, kamati ya IEBC inaweza kumwonya, kumtoza faini ama kumzuia kufanya mikutano. Ikizidi, anaweza kutolewa kwa kinyang'anyiro. Lakini kamati haiko mtaani kwako. Inahitaji mtu alete malalamiko: tarehe, mahali, video, mashahidi.

Chifu, mwalimu wa serikali, daktari wa kaunti, hakuna anayeruhusiwa kufanyia mgombea kampeni. Gari la kaunti halifai kubeba mabango. Hii inakaa kitu kidogo, lakini kwa wadi ndogo, gari la serikali likionekana limebeba watu wa mgombea mmoja, wengine wanaona ni kama kiti kishapewa mtu.

Matamshi pia yana mipaka. Kuchochea watu kwa misingi ya kabila ni kosa chini ya Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008. Mji kama Nanyuki ama Meru una watu wa kila pande, na neno kama "madoadoa" linaweza kukupeleka kwa NCIC kabla ya kukupeleka bungeni. Kwa WhatsApp pia unashikwa. Grupu si kichaka.

DOO YA KAMPENI: HESABU YAKE

Sasa tuongee ile kitu kila mtu anajua na hakuna mtu anaisema.

Kumpa mpiga kura pesa, unga, leso ama kitu chochote ndio apige ama asipige kura ni hongo. Faini ni hadi shilingi milioni 2, ama kifungo hadi miaka 6, ama vyote. Na si mgombea peke yake. Anayepokea pia ametenda kosa. Hiyo sehemu watu hupenda kusahau.

Chukua soo mbili. Muhula wa MCA ni miaka 5, yaani miezi 60. Soo mbili kwa miezi 60 ni shilingi tatu na senti kadhaa kwa mwezi. Akikupa soo tano ni shilingi nane na kitu. Haifiki bei ya mandazi moja kwa mwezi. Na yeye anajua atairudisha kwa njia ingine: tenda, fundi wa kampuni ya binamu, soko ambalo halimaliziki kujengwa.

Wengine husema, "Mimi nakula yao halafu napiga ninavyotaka." Kura ni siri, kwa hivyo ni kweli hakuna mtu anaweza kujua. Ndio maana wanunuzi wajanja huomba picha ya karatasi iliyowekwa alama. Usipige hiyo picha. Siri ya kura inalindwa na sheria, na IEBC hukataza simu kutumika pale unapoweka alama. Mtu akikudai picha, amekuonyesha haamini ata wewe uliyemuuzia.

SIKU YENYEWE, HATUA KWA HATUA

1. Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Kama ulikuwa kwa laini saa ya kufunga, unapiga. Usitoke.

2. Kituo kimoja hakipiti wapiga kura 700. Ndio maana shule moja inaweza kuwa na vyumba kadhaa kwa mpangilio wa majina. Tafuta chumba chako kwanza, usipange laini ya watu wa "W" na jina lako linaanza na "K".

3. Beba ile ID ama pasipoti uliyojisajili nayo. Picha ya ID kwa simu haikubaliki.

4. Kifaa cha KIEMS kinasoma alama za vidole. Vidole vikikataa, na hii huwapata sana watu wa jembe na majani chai, usirudi nyumbani. Afisa ana njia zingine za kuthibitisha uko kwa daftari. Mwambie shosho wako hivyo mapema.

5. Unapewa karatasi 6 zilizopigwa muhuri. Weka alama moja kwa mgombea mmoja kwa kila karatasi. Ukiweka alama kwa watu wawili, ama uandike jina lako, karatasi hiyo inakataliwa. Ukiichafua kabla ya kuitumbukiza kwa boksi, irudishe kwa afisa akupe ingine.

6. Asiyeona vizuri ama asiyeweza kusoma anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini, na huyo mtu anakula kiapo kwa fomu. Mtu mmoja anasaidia mpiga kura mmoja tu. Ukiona jamaa mmoja "anasaidia" wazee kumi, mwambie ajenti ama afisa msimamizi hapo hapo.

7. Kidole kinawekwa wino, unaenda. Kampeni siku hiyo ni marufuku, na t-shirt ya mgombea iache nyumbani.

KUHESABU: KURA MOJA INA UZITO GANI?

Kura zinahesabiwa palepale kituoni, mbele ya maajenti. Matokeo ya MCA yanaandikwa kwa Fomu 36A. Maajenti wanasaini na kupewa nakala, na nakala ingine inabandikwa kwa mlango wa kituo. Hiyo ya mlango ni ya umma. Unaruhusiwa kuisoma. Halafu fomu zote za wadi zinaenda kwa kituo cha kujumlisha cha eneo bunge, zinajumlishwa kwa Fomu 36B, na msimamizi anatangaza mshindi.

Ajenti anaweza kuomba kura zihesabiwe tena kabla fomu haijafungwa, lakini si zaidi ya mara mbili. Ajenti aliyelala ama aliyeenda kutafuta mutura wakati wa kuhesabu hana wa kumlaumu.

Kwa MCA hakuna raundi ya pili na hakuna asilimia 50. Anayeongoza kwa kura moja ameshinda. Nyeri 2022 ilikuwa na wapiga kura karibu 480,000 waliosajiliwa. Gawa kwa wadi 30, unapata kama elfu 16 kwa wadi. Wasipojitokeza wote, na wagombea 8 wagawane kura elfu 10, mtu anaweza kuwa MCA na elfu 2 na kitu. Hiyo ni idadi ya watu wanaojaa uwanja mdogo wa shule.

Angalia Mbeere North, kaunti ya Embu. Novemba 27, 2025 kulikuwa na uchaguzi mdogo wa mbunge, viongozi wakubwa wote walikuwa wamepiga kambi huko, na mshindi alipita kwa tofauti ya chini ya kura 500. Hilo ni eneo bunge zima. Kwa wadi, pengo kama hilo linaweza kuwa watu wa plot tatu ambao waliamka wakaamua kufua nguo.

UKIPINGA MATOKEO

Kesi ya MCA haianzii Mahakama Kuu. Inaenda kwa hakimu aliyeteuliwa na Jaji Mkuu kusikiza kesi za uchaguzi.

- Unapeleka ndani ya siku 28 baada ya matokeo kutangazwa. Siku ya 29 umechelewa.
- Unaweka dhamana ya gharama, shilingi 100,000.
- Korti inafaa kuamua ndani ya miezi 6.
- Rufaa inaenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30, kwa mambo ya sheria tu, na nayo ina miezi 6.

Si lazima uwe mgombea. Mpiga kura pia anaweza kwenda kortini. Lakini utahitaji ushahidi wa karatasi: Fomu 36A za vituo, viapo vya maajenti, picha za mlangoni. Ndio maana ile fomu ya mlango ni muhimu. Ukiipiga picha usiku huo, umeshika kitu ambacho korti inaweza kukisoma.

KITI KIKIBAKI WAZI

MCA anaweza kupoteza kiti katikati ya muhula akifariki, akijiuzulu, akikosa vikao 8 bila ruhusa ya maandishi ya spika, akifungwa miezi 6 na zaidi, ama akihama chama kilichomleta. Mgombea huru akijiunga na chama, naye pia anapoteza. Kiti cha wadi kikiwa wazi, uchaguzi mdogo unaitishwa, na sheria zote hapo juu zinarudi mezani, pamoja na ile ya hongo.

Hiyo ya vikao 8 iweke kichwani. Bunge la kaunti linaweka rekodi ya nani alikuja, na vikao vyake ni vya umma. MCA wako akionekana kila harusi na kila matanga lakini haonekani kikaoni, una haki ya kuuliza alikuwa na ruhusa ya nani.

KWA UFUPI, YA KUWEKA KWA SIMU

- Siku ya kura: Jumanne ya pili ya Agosti kila miaka 5. Inayofuata ni Agosti 10, 2027.
- Saa: 12 asubuhi hadi 11 jioni.
- Unabeba: ID ama pasipoti uliyojisajili nayo.
- Mgombea huru: sahihi 500 za wadi, na miezi 3 nje ya chama.
- Ada ya IEBC ya MCA 2022: 5,000, ama 2,500 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.
- Hongo: hadi milioni 2 ama miaka 6, kwa anayetoa na anayepokea.
- Fomu ya matokeo ya MCA kituoni: 36A, inabandikwa mlangoni.
- Kesi: siku 28, kwa hakimu, dhamana 100,000.

Tumia hii kwa grupu ya mtaa kabla mambo yashike moto. Halafu uliza wenzako swali rahisi: MCA wetu anaitwa nani, na sheria ya fedha ya mwaka huu aliipigia kura gani? Kama hakuna anayejua kwa grupu ya watu mia mbili, bado mko na muda hadi 2027 wa kutafuta jibu.